Mwongozo Kamili wa Kuchagua Vipuri vya Behewa Dogo la Abiria la Mbao la Kizamani

Anayejenga behewa dogo la abiria la mbao la kizamani, yaani mfano mdogo wa kutembea kwenye reli ya mezani, huvutiwa kwanza na mwili wake: mbao zilizopangwa wima, madirisha membamba, paa lenye mgongo ulioinuka, na vibaraza vilivyo wazi kwenye ncha zote mbili. Kwa hiyo hununua kuta na paa, akazipaka rangi, na akishamaliza ndipo huanza kutafuta magurudumu. Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio kinyume cha huo. Unaanza na mwaka, unashuka relini, unapanda kwenye bogi na viungo, kisha ndipo unafika kwenye mbao na paa, kwa kuwa sehemu za chini ndizo zinazoamua kama behewa litatembea au litabaki kabatini, na mwaka ndio unaoamua karibu kila kipuri kingine.

Mfano nitakaoutumia ni behewa la Marekani la miaka ya 1880, katika skeli ya HO, yaani moja kwa 87 ya ukubwa wa behewa la kweli. Nimeuchagua kwa sababu huko ndiko vipuri vya mabehewa ya mbao vinakopatikana kwa wingi na kwa kila namna, na kwa sababu skeli hiyo ni kubwa vya kutosha kwa macho ya kawaida na ndogo vya kutosha kwa meza ya nyumbani. Neno bogi nitalitumia kwa maana ya kifundi, yaani kile kigari kidogo cha chini chenye ekseli mbili au tatu kinachobeba ncha ya behewa na kuzunguka kwenye kona, wala si kwa maana ya behewa zima kama wasemavyo abiria wengi.

Hatua ya kwanza: andika mwaka mmoja kwenye karatasi

Usiandike "zamani". Andika 1872, au 1885, au 1898. Miaka hiyo mitatu inatoa mabehewa matatu tofauti, ingawa yote ni ya mbao na yote yana madirisha membamba.

Tazama viungo. Kwa miongo mingi mabehewa ya Marekani yaliunganishwa kwa pete na pini: mfanyakazi alisimama kati ya mabehewa mawili yanayosogeleana, akaielekeza pete kwa mkono, kisha akadondosha pini. Wengi walipoteza vidole, mikono na hata maisha. Kwenye treni za abiria, ndoano na kibaraza cha Ezra Miller, vilivyobuniwa katika miaka ya 1860, vilichukua nafasi ya pete na pini mapema kuliko kwenye treni za mizigo. Eli Janney alipata hataza ya kiungo chake cha vidole vinavyokumbatana mwaka 1873, na wenye mabehewa waliuchukua muundo huo kuwa kipimo chao cha pamoja mwishoni mwa miaka ya 1880. Sheria ya usalama iliyotiwa saini na Rais Benjamin Harrison tarehe 2 Machi 1893 ililazimisha viungo vya kujifunga vyenyewe pamoja na breki za hewa, na baada ya muda kuongezwa ilianza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1900.

Tazama breki. George Westinghouse alileta breki ya hewa ya kwanza mwaka 1869, nayo ilihitaji silinda tu chini ya behewa. Breki ya kujiendesha iliyofuata mwaka 1872 iliongeza tangi la akiba la hewa na vali ya njia tatu katika kila behewa, ili bomba likikatika treni ijifunge yenyewe. Kwa hiyo tangi la akiba chini ya behewa la 1870 ni kosa, na kutokuwapo kwake chini ya behewa la 1895 ni kosa vilevile.

Tazama na mwanga, joto na vibaraza. Mishumaa ilipishwa na taa za mafuta, na kila taa ya mafuta ilihitaji tundu lake la moshi juu ya paa. Gesi ya Pintsch, iliyoingia Marekani katika miaka ya 1880, ilihitaji matangi ya mviringo chini ya sakafu. Umeme ulihitaji masanduku ya betri. Jiko la makaa ndani ya behewa lina bomba lake la moshi, na mara nyingi bomba hilo liko karibu na kona, si katikati. Vibaraza vilivyofungwa kwa kuta na milango vilianza na kampuni ya mabehewa ya Pullman mwaka 1887, basi kabla ya hapo kibaraza ni cha wazi, chenye reli za kushikia, ngazi pande zote mbili na gurudumu la breki ya mkono. Hata rangi ina tarehe yake: manjano ilikuwa ya kawaida katika miaka ya 1870, ilhali kijani kizito cha Pullman ni cha mwaka 1900 hivi. Baada ya 1910 kampuni kubwa zilikuwa zimeshageukia chuma kwa mabehewa mapya.

Mwaka ukishaandikwa, kila kipuri unachokiona dukani kina swali moja tu la kujibu: je, kilikuwapo? Behewa kuukuu lingeweza kuendelea kufanya kazi na kuongezewa vifaa vipya, kwa hiyo behewa lililojengwa 1875 na kuonekana mwaka 1900 lina kiungo cha Janney na breki kamili. Kinyume chake hakikubaliki, maana mwaka 1875 hakuna behewa lililokuwa na kibaraza cha 1890.

Hatua ya pili: pima kona kabla ya kuchagua urefu

Katika skeli ya HO futi moja ya kweli ni milimita 3.5, na upana wa njia ni milimita 16.5. Behewa la futi 50 litakuwa na milimita 175, na la futi 60 litafika 210. Kanuni ninayoifuata ni kwamba nusu kipenyo cha kona kisipungue mara tatu ya urefu wa behewa. Hivyo behewa la futi 50 linataka kona ya milimita 525, na la futi 60 linataka 630. Kona za seti za kuanzia, ambazo nyingi zina milimita 457, haziliwezi hata moja kati ya hayo bila kukata ngazi au kuondoa vipuri vya chini.

Aliye na kona kali asikate tamaa wala asilazimishe. Reli ya Sierra huko Kalifonia ilikabiliwa na tatizo hilohilo kwenye tawi lake la kwenda Angels Camp, lililokuwa na kona kali mno kwa mabehewa ya kawaida. Jawabu lake lilikuwa mabehewa mafupi yaliyojengwa mwaka 1902, ambayo yamehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya Railtown 1897, mjini Jamestown. Mabehewa madogo ya futi 34 yaliyouzwa kwa miaka mingi kwa jina la Roundhouse yako katika kundi hilo, na kwa mjenzi wa kwanza ni shule nzuri: ni mafupi, yanasimama vizuri relini, na yana kila sehemu ambayo behewa kubwa linayo.

Kuna njia nyingine inayonigusa zaidi. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani mwaka 1901, ilikuwa ya geji ya mita, yaani reli zake mbili ziliachana kwa mita moja. Behewa la ukaguzi ambamo afisa wa polisi Charles Ryall alikamatwa na simba kwenye stesheni ya Kima mwaka 1900 lipo katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ni la mbao, na mtu anaweza kusimama mbele yake na futi yake ya kupimia. Geji ya mita katika skeli ya HO hufanywa kwa njia ya milimita 12, na bogi za njia hiyo hutengenezwa Ulaya kwa ajili ya reli za milimani za Uswisi. Kampuni ya Bemo ya Ujerumani ndiyo inayojulikana zaidi. Yale yanayosemwa hapa kuhusu mbao, gundi na uzito yanafaa huko pia, ila viungo na breki vina historia yake na visichukuliwe kutoka Marekani.

Hatua ya tatu: nunua bogi kwanza

Hapa ndipo fedha nyingi inapostahili kwenda. Bogi ya abiria ya miaka ya 1880 ilikuwa na fremu ya mbao iliyoimarishwa kwa vyuma, na kati ya masanduku mawili ya ekseli palipita mtaimbo mnene uliopindwa ncha zake kwenda juu na kukalia masanduku hayo. Mtaimbo huo uligawa uzito sawa kwa magurudumu yote mawili na kulainisha safari. Ukiona bogi inayouzwa kuwa ya kizamani ya abiria haina mtaimbo huo, itazame mara mbili, kwa kuwa huenda ni ya behewa la mizigo. Bogi ya mizigo ni fupi na ina umbo la almasi ubavuni. Ya abiria ni ndefu, na nafasi kati ya ekseli zake ni futi 7 hadi 8, yaani milimita 24.5 hadi 28 katika HO. Bogi za ekseli tatu ziachie mabehewa makubwa na mazito ya kulala, wala usiziweke chini ya behewa la futi 50.

Kwa magurudumu, inchi 33 ndicho kipimo kinacholifaa behewa la kawaida la miaka ya 1870 na 1880, na katika HO ni milimita 9.6. Inchi 36, yaani milimita 10.5, yalienea baadaye. Tofauti hiyo ya chini ya milimita moja inaonekana ndogo, lakini gurudumu kubwa linapandisha behewa zima, kiungo kinapanda pamoja nalo, na ukingo wake unaweza kugusa sakafu kwenye kona. Chagua magurudumu ya chuma badala ya plastiki, kwa sababu plastiki huokota uchafu relini na kuusambaza. Umbo la ukingo linaloitwa RP-25, lililopendekezwa na chama cha wajenzi wa reli ndogo cha Marekani, NMRA, ndilo linalopita vizuri kwenye maungio ya njia. Upana wa kawaida wa gurudumu ni milimita 2.8, na ule mwembamba wa milimita 2.2 unapendeza zaidi chini ya behewa la kizamani, mradi njia yako imetandikwa kwa uangalifu.

Sasa chukua bogi mkononi. Ekseli nyingi za HO zina ncha zilizochongoka, na urefu wake uko kati ya milimita 25.4 na 26, lakini watengenezaji hawafanani. Ekseli ikiwa ndefu kuliko nafasi yake, fremu inatanuka na gurudumu linakwama. Ikiwa fupi, bogi inashuka na magurudumu yanayumba. Weka bogi juu ya kioo, iinamishe kidogo, na itazame inavyoteremka. Bogi nzuri huanza kwenda kabla hujaona kwamba umeinua kioo. Halafu shika fremu za ubavuni na uzichezeshe taratibu: zikiweza kupanda na kushuka kila moja peke yake, magurudumu yote manne yataigusa reli hata pale palipo na bonde dogo. Zikiwa ngumu, angalau hakikisha kwamba magurudumu yote manne yanagusa kioo kwa pamoja bila kucheza.

Niliwahi kununua bogi za chuma laini zilizovutia sana kwa macho, kila boliti ikionekana, nami nikazifunga chini ya behewa bila kuzijaribu kwenye kioo. Gurudumu moja lilikuwa limening'inia kiasi cha unene wa karatasi. Behewa lilianguka kwenye kila kiungio cha njia kwa miezi miwili, na nikaitengeneza njia mara tatu kabla ya kufikiri kutazama chini. Jaribio la kioo huchukua dakika moja.

Skrubu ya kushikia bogi iwe ya nyuzi za chuma, si ya mbao inayojichimbia, kwa sababu utaifungua mara nyingi. Ya M2 inatosha. Funga bogi moja kwa kukaza kiasi kwamba inazunguka na kuinama mbele na nyuma lakini haiyumbi ubavuni. Nyingine iache huru iyumbe kila upande. Behewa likisimama juu ya pointi tatu namna hiyo, kama kigoda cha miguu mitatu, halitetereki hata sakafu ya nyumba ikiwa si sawa.

Hatua ya nne: kiungo na kimo chake

Kama mwaka wako ni kabla ya 1875 na unataka pete na pini, vipuri vya shaba vipo na vinapendeza, lakini utaunganisha kila behewa kwa kibano, na kurudisha treni nyuma kwenye kona kunataka subira. Kwa ndoano ya Miller, wengi huweka ndoano ya maonyesho tu kwenye behewa la mwisho. Walio wengi hukubali kiungo cha kampuni ya Kadee, ambacho umbo lake linafanana na la Janney: nambari 5 ndiyo ya kawaida, na nambari 58 ina kichwa kidogo kinachokaribia kipimo halisi. Kwa behewa la kizamani ningechagua 58 bila kusita, kwa kuwa kichwa kikubwa chini ya kibaraza chembamba cha wazi huonekana kutoka mbali.

Kitovu cha kiungo kinapaswa kuwa milimita 9.9 juu ya reli. Nunua kipimo cha kimo siku ileile unaponunua viungo. Kisanduku cha kiungo kitakaa chini ya kibaraza, na kibaraza cha kizamani ni kifupi, hivyo pima kama kisanduku hakitagusa gurudumu la mbele la bogi likiwa limepinda hadi mwisho. Kiungo kikiwa chini, ongeza washa nyembamba juu ya bogi. Kikiwa juu, punguza sehemu ya sakafu inayokalia bogi kwa tupa. Wapo wanaokunja waya wa chini wa kiungo au kukipinda chenyewe ili kifikie kimo. Kiungo kilichopindwa hufunguka chenyewe mlimani.

Hatua ya tano: mbao za mwili

Mbao ya asili ya kazi hii ni basiwudi, mti laini wa Marekani ambao nyuzi zake zimebanana na hazionekani kwa macho. Huuzwa ikiwa imekatwa kwa vipimo vya skeli na, kwa kuta, ikiwa imekwaruzwa mistari inayolingana. Mistari iliyoachana kwa milimita 0.8 inawakilisha ubao wa takriban inchi 2.7, na hiyo ndiyo inayofaa kwa kuta za abiria. Mistari ya milimita 1.6 ni ya behewa la mizigo au banda. Ukiiweka kwenye behewa la abiria, jicho litakuambia kuna kasoro hata kama hujui ni ipi.

Mtu wa kwetu atauliza kama mbao za hapa zinafaa. Nimejaribu. Mninga na mvule ni mbao nzuri za samani, lakini vinyweleo vyake vilivyo wazi huonekana kwa udogo huu kama mifereji iliyochimbwa kwenye ukuta. Mpingo ni mgumu mno kwa kisu. Balsa ni laini mno, nywele zake husimama kila ukipaka rangi na kingo zake hubonyea chini ya kidole. Vijiti vya aiskrimu vinafaa kwa fremu za ndani ambazo hazitaonekana. Kinachokaribia kabisa kuwa mbadala ni kadi nene laini, au bamba za plastiki ya stairini zilizokwaruzwa mistari, ambazo zikipakwa rangi haziwezi kutofautishwa na mbao iliyopakwa rangi. Tena kumbuka kwamba kampuni za reli zilizipaka kuta za abiria rangi na vanishi nyingi mpaka zikang'aa. Ukuta uliochakaa na kuonyesha nyuzi ni wa behewa lililotupwa.

Ukichagua mbao na unaishi Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar au popote penye hewa ya bahari, ziba mbao pande zote mbili kabla ya kukata chochote. Upande mmoja ukipakwa na mwingine ukaachwa, ukuta wa milimita 0.8 utajikunja kama jani la mgomba juani. Baada ya kila mkono wa kizibio, piga msasa mwembamba kwa kufuata nyuzi. Kuta zilizokatwa kwa leza huja na madirisha yaliyo sahihi, ila kingo zake zina masizi meusi: yapanguse kwa msasa, la sivyo gundi haitashika vizuri na rangi ya manjano itachafuka.

Kwa vioo vya madirisha tumia plastiki nyembamba ya milimita 0.25, na uibandike kwa gundi nyeupe. Gundi ya papo kwa papo hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye kioo, na ukungu huo hauondoki kwa urahisi.

Hatua ya sita: paa

Paa lenye mgongo ulioinuka na vidirisha pembeni ndilo la kawaida kuanzia miaka ya 1860. Tofauti iko kwenye ncha. Katika muundo wa kizamani mgongo huteremka juu ya kibaraza kwa mkunjo mwembamba uliobinuka, ambao wajenzi wa Marekani huufananisha na mdomo wa bata. Wa baadaye una ncha nene ya mviringo. Ncha hizo ndizo ngumu kuchonga, basi ukipata zilizokwisha kuumbwa kwa plastiki, nunua ncha na ujitengenezee katikati kwa mbao. Hesabu matundu ya moshi kulingana na idadi ya taa, na uliweke bomba la jiko juu ya mahali jiko lilipo ndani. Paa liwe la kutoka, ili uweze kurudi ndani siku ya kuweka viti na abiria.

Hatua ya saba: chini ya sakafu

Behewa la mbao lililobebwa ncha mbili hulegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Wajenzi wa zamani walizuia hilo kwa nondo ndefu za chuma zilizofungwa karibu na ncha za behewa, zikashuka chini ya nguzo fupi mbili, na kukazwa katikati kwa vikazio vyenye nyuzi pande mbili. Kila fundi aliyelikagua behewa aliweza kuona kwa jicho kama linashuka, na kuzungusha kikazio mpaka mstari urudi. Katika kazi yetu nondo hizo hazibebi kitu, lakini ndizo zinazolifanya behewa lionekane la mbao, na zikilegea sura hiyo inapotea.

Nondo ya inchi moja na robo inakuwa milimita 0.36. Waya wa shaba wa unene huo hupindika ukiguswa. Mshipi wa kuvulia samaki wa nailoni hukaa umekazwa, hupita ndani ya kikazio cha plastiki bila shida, na hupatikana kila pwani. Upake rangi nyeusi isiyong'aa baada ya kuukaza. Hesabu ya nondo itokane na picha ya behewa unalolifuata. Kama huna picha, nne zinakubalika kwa behewa la futi 50.

Kabla ya kubandika nguzo, nondo, silinda ya breki au tangi, fanya jambo hili moja. Funga bogi mahali pake, lipindue behewa, zungusha kila bogi hadi mwisho wa mzunguko wake kulia na kushoto, na uchore kwa penseli kwenye sakafu mpaka wa magurudumu. Ndani ya mchoro huo pasiwe na kitu kirefu kuliko nafasi ya juu ya gurudumu. Nondo huanzia karibu na ncha za behewa na kwa hiyo hupita juu ya bogi. Zipandishe zikabane sakafu mpaka zivuke mpaka wa penseli, ndipo zianze kushuka. Ngazi za vibaraza nazo zijaribiwe hivyohivyo, kwa kuwa gurudumu la nje ndilo linalozigusa kwanza.

Mpango wa breki ya 1885 ni huu: silinda karibu na katikati upande mmoja, tangi la akiba jirani yake, vali ya njia tatu kati yake na bomba kuu, na fito zinazokwenda kwenye bogi zote mbili. Seti za plastiki za Tichy na za shaba za Cal-Scale zinafaa, mradi utazame mwaka wa muundo: seti nyingi zinazouzwa kwa jina la breki ya AB ni za miaka ya 1930, na hazina nafasi chini ya behewa la mbao la karne ya 19.

Hatua ya nane: vipuri vidogo na madini yake

Kipuri kilekile kinaweza kuuzwa kwa plastiki, kwa shaba, kwa madini laini ya kumiminwa au kwa chapa ya 3D, na uamuzi haupaswi kuwa wa bei peke yake. Plastiki ndiyo yenye mistari myembamba iliyo safi zaidi, na inafaa kwa vikazio, matundu ya paa, madirisha na magurudumu ya breki. Shaba inafaa popote mkono utakaposhika: reli za vibaraza, ngazi, vishikio. Madini laini ni mazito, basi yaweke chini. Mengi yana risasi, hivyo nawa mikono baada ya kuyapiga tupa, na usiyafanyie kazi mezani pa chakula. Chapa ya 3D imefungua milango kwa vipuri ambavyo havikuwahi kuuzwa, lakini resini yake huvunjika kwa urahisi, na mistari ya tabaka zake huonekana zaidi kwenye nyuso bapa. Viti vya ndani ndiyo matumizi yake bora.

Vishikio vya kando ya ngazi pinda mwenyewe kwa waya wa milimita 0.3, toboa kwa keekee ya mkono yenye ncha ya milimita 0.4, na uweke kipande cha kadi chini ya waya unapobandika ili vyote viachane na ukuta kwa kiasi kimoja.

Hatua ya tisa: uzito, kisha safari

Pendekezo la NMRA kwa HO ni gramu 28.4 za kuanzia, pamoja na gramu 14.2 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la milimita 175 linataka takriban gramu 126, na la milimita 210 linataka 146. Behewa la mbao likikamilika huwa jepesi mno, hivyo sehemu kubwa ya uzito utaiongeza wewe. Bamba za chuma zilizobandikwa sakafuni chini ya viti ni bora kuliko vipande vilivyofichwa darini, kwa sababu uzito wa juu huliangusha behewa kwenye kona. Gawanya sawa juu ya bogi zote mbili, na upime kwa mzani wa jikoni kabla gundi haijakauka.

Mwishoni lisukume behewa kwa kidole, bila kichwa cha treni, kwenye kona kali kuliko zote ulizo nazo, kwa kwenda na kwa kurudi. Sikiliza zaidi ya kutazama. Mkwaruzo wa vipindi kwa kila mzunguko wa gurudumu ni ukingo unaogusa nondo au fito ya breki; mkwaruzo wa mfululizo kwenye kona tu ni bogi inayogusa ngazi. Weka alama kwa penseli mahali hapo, legeza skrubu, ondoa nusu milimita kwa tupa, na ulisukume tena.